Siku Niliyomkalisha Mwalimu Neema Mbele ya Mkwewe

Jamani, kuna mambo ukiyakumbuka hata ukiwa peke yako bafuni unaguna kwa sauti, mpaka mwenzio anauliza kutoka chumbani kama umeteleza. Langu ni hili. Na wengi wenu mlishaliona kwenye simu kabla hamjalisikia kutoka kwangu, kwa hiyo hata nikitaka kuficha sina pa kufichia, ila mlichokiona ni kile kipande kifupi tu, watu wawili wamekaa kwenye vibao vyenye magurudumu wanatoka mlangoni mpaka uwanjani kwa wanafunzi, mkacheka (najua mlicheka, hata mke wangu alicheka kabla hajajua anamcheka nani), na ile sauti ya mwanamume asiyeonekana inayopiga kelele "Sukuma, Neema! Msukume mzee!" ndiyo yangu mimi. Naona aibu kulisema hilo lakini ni yangu. Leo nawaeleza na yale ambayo simu haikuonyesha, maana nimechoka kusikia watu wanalisimulia kama kichekesho.

Mnanijua, nafundisha fizikia sekondari hapa Tunduma, na mwaka ule nilichaguliwa kuwa mwezeshaji wa mafunzo ya walimu wa sayansi wa shule za msingi katika kata moja ya huku juu, ukishapita Mpemba unaelekea Vwawa. Kuchaguliwa kwenyewe nilikuchukulia kama nimepewa uwaziri. Nilinunua shati jipya, nikawa natembea na kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni hata nikienda sokoni kununua nyanya, mke wangu akawa ananiita "Mheshimiwa Mwezeshaji" mpaka nikaanza kuitika. Kichwa kilivimba, sikatai.

Mada ilikuwa kani na mwendo. Waliichagua walimu wenyewe, wakasema wazi kwamba ndiyo inayowapa shida, wanaifundisha kwa kukariri tu na mtoto akiuliza swali la pembeni wanamwambia akae chini. Kikao cha kwanza nikawapa swali ambalo nililiona tamu: mtu mzito na mtu mwepesi wamekaa kila mmoja kwenye kitu chenye magurudumu, wakasukumana, ni nani anayepata kani kubwa? Ukumbi mzima wakasema yule mwepesi. Nikawaambia hapana, kani ni sawasawa, kinachotofautiana ni mwendo, mwepesi ataenda mbali kwa sababu ana maada kidogo ya kusogeza, si kwa sababu amesukumwa zaidi. Wakakataa. Yaani walikataa kabisa. Mwalimu Nambeye, mama mmoja mcheshi mwenye sauti ya kuita mbuzi, akasimama akasema, "Mwalimu Sichone, semi igongane na bajaji pale mzani halafu useme kani ni sawa? Kamuulize mwenye bajaji!" Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka, lakini moyoni liliniuma, nikajiapiza kwamba kikao kijacho wataona kwa macho yao.

Nikaenda kwa mchomeleaji mmoja gereji ya malori Mpemba, nikamwomba anitengenezee vibao viwili vya kukalia, chini vina beringi kuukuu za magari. Vilikuja vizuri mno. Vinateleza mpaka unaogopa, ukikisukuma kwa kidole kinakwenda chenyewe hadi ukutani. Nilivipanda mimi na mwanangu sebuleni jioni nzima tukacheka. Wazo langu la mwanzo lilikuwa kutumia viroba vya mahindi, kibao kimoja mtu na kiroba, kingine mtu peke yake, na hilo wazo lilikuwa salama kabisa, lingeisha vizuri tukaenda kunywa chai. Halafu asubuhi ile ile nikiwa njiani nikajiambia, aah, viroba vya nini wakati walimu wapo wa kila saizi? Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Sasa kabla sijaendelea niwaambie kitu ambacho siku ile sikukijua, ili msije mkaniona bora kuliko nilivyokuwa wala mbaya kuliko nilivyokuwa.

Kwenye mafunzo yale alikuwepo Mwalimu Haonga, mzee mmoja mnene, mpole, mkulima wa kahawa kule karibu na Mbozi Mission, anaimba kwaya ya kanisa, amefundisha watu ambao sasa hivi na wao ni walimu. Alikuwepo pia Mwalimu Neema, binti mwembamba wa shule nyingine, mtoto wa wafugaji waliohamia Kamsamba, kazini hajakaa sana. Neema ameolewa na kijana wa Mzee Haonga. Kazini anatumia jina la baba yake, kwa hiyo kwenye mahudhurio huwezi kujua. Na ukoo wa Haonga, pamoja na uimbaji wao wote, heshima ya mkwe wanaishika sana, hata kama wengine siku hizi wameilegeza: mke wa mwanao hamtazamani usoni, hamgusani, hamli meza moja, hamsalimiani, mpaka siku ukoo utakapokaa ukamfungulia, mzee akampa kitu mkononi, ndipo wanaamkiana kwa mara ya kwanza na binti anaanza kuingia nyumbani kwa wakwe kama mtoto wa pale.

Neema alikuwa hajafunguliwa. Ndoa yenyewe ilipingwa, hasa na kaka mkubwa wa Mzee Haonga ambaye ndiye mwenye kauli kwenye ukoo, alikuwa anasema watu wa ng'ombe wa kule bondeni hatujui mila zao, binti wao atatuletea vituko. Mzee Haonga ndiye aliyembembeleza kaka yake muda mrefu mpaka akakubali, na siku ya kumfungulia Neema ilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Mimi nilifanya yangu Alhamisi. Na tena Neema alikuwa na mimba changa, mtoto wa kwanza, na kwa kina Haonga mtoto wa kwanza jina anapewa na babu yake mzaa baba, mama yake akishafunguliwa. Mnaona kilichokuwa kimewekwa mezani. Wote wawili walikuja kwenye mafunzo kwa sababu wakuu wao wa shule ndio waliowaandika, wakaamua kuvumilia, mmoja akae mbele kulia, mwingine nyuma kushoto, biashara iishe.

Na mimi niliona, ndugu zangu. Hilo ndilo linaloninyima raha. Niliona kwamba kila Mwalimu Haonga akisimama Neema anageukia ukuta na kuvuta kitenge kichwani. Niliona wakati wa chai anasubiri mzee achukue kikombe chake atoke nje ndipo asogee. Mimi ni Mnamwanga, nimekulia hapa hapa, bibi yangu alikuwa akimsikia baba mkwe anakohoa njiani anaingia kwenye mahindi mpaka apite, sasa nisijue dalili za mtu anayemkwepa mkwewe? Lakini akili yangu ilikuwa kwenye vibao. Nikasema tu moyoni, huyu binti ni mwoga, hajiamini, na anayemuogopa mwalimu mwenzake atafundishaje kani, ngoja leo nimsaidie. Eti nimsaidie!

Basi Alhamisi hiyo afisa elimu wa kata naye akaja, akakaa kiti cha mbele na chupa yake ya maji, na mimi nilipomwona mzuka ukanipanda. Nikaweka vibao katikati, nikawaeleza tena swali, nikasema leo hatukariri, leo tunaona. Nikatupa jicho ukumbini kama mnunuzi wa ng'ombe. Mzito kuliko wote alikuwa Mwalimu Haonga. Mwepesi kuliko wote, Neema. Nikawaita kwa majina, kwa sauti.

Ukumbi ukanyamaza. Mimi nikadhani ni ule ukimya wa watu waliovutiwa.

Mzee Haonga akasimama taratibu, akasema, "Mwezeshaji, mimi mgongo unanisumbua. Chukua kijana mwingine."

"Mzee wangu," nikamjibu, "ukikaa kwenye hiki kibao mgongo utapona leo leo!" Wachache wakacheka. Afisa naye akacheka, ndiyo ikanipa nguvu.

Neema alikuwa ameshaokota mkoba wake anaelekea mlango wa nyuma. Nikakimbia (nilikimbia kweli, na lile shati langu) nikasimama mlangoni nikatanua mikono kama golikipa, nikasema, "Hakuna kutoka mpaka tusukumane!" Alikuwa anatazama chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba mtu mwingine. Nakuomba." Nikamwambia sayansi haiogopwi.

Mwalimu Nambeye akainua mkono, hakungoja kuitwa, akasema, "Mwalimu Sichone, hebu badilisha hao. Njoo hapa pembeni nikwambie kitu." Sasa huyu ndiye aliyeniaibisha na bajaji yake kikao cha kwanza, nikajua tu anataka kuniharibia, nikamkata kauli mbele za watu: "Mwalimu Nambeye, kaa chini. Hapa hakuna mkubwa wala mdogo, hakuna mama wala baba, hapa kuna uzito tu!" Nilivyolitoa hilo neno nilijiona nimesema jambo la maana sana. Nambeye akakaa, akashika mdomo.

Mnauliza kwa nini hakupasua tu pale pale. Na mimi nilimuuliza baadaye. Akanijibu kwamba jambo la mtu na mkwewe halitangazwi ukumbini mbele ya wanaume na afisa, kulitaja tu pale ni aibu nyingine juu ya aibu, ndiyo maana aliniita pembeni. Ningesogea hatua chache tu kumsikiliza, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Mzee Haonga alimtazama afisa, akanitazama mimi, nikaona anatafuta njia ya kumtoa kila mtu salama. Ni mtu wa namna hiyo. Akasema, "Basi tupe mti. Tusukumane kwa mti, tusishikane." Nikaona ni haya za kawaida za mwanamume na mwanamke, nikasema sawa mzee, tena kwa mti ni bora zaidi kisayansi (uongo, haikuwa na ubora wowote), nikaleta mpini wa jembe kutoka stoo ya shule. Akakaa kwenye kibao chake, mgongo ameuelekeza mlangoni. Neema akaletwa na wenzake wawili, wamemshika mikono kama anapelekwa sindano, akakaa upande wa ubaoni, amejifunika kitenge mpaka kwenye pua. Na mimi, kwa kujali usalama, nikamwambia, "Toa hicho kitenge, kisije kikaingia kwenye beringi." Akakitoa. Akabaki uso wazi mbele ya mzee, macho ameyafumba.

Halafu nikawageukia wengine nikasema, "Toeni simu, rekodini, baadaye tutaipunguza kasi tuone nani ameanza kusogea. Na kila mmoja aiweke kwenye kundi letu, ndiyo ushahidi wa mafunzo." Simu zikanyanyuliwa ukumbi mzima.

Kitu kingine ambacho sikukiangalia ni sakafu. Ule ukumbi ulikuwa darasa la zamani, na mafundi wake waliimwaga sakafu ikalalia mlangoni ili maji ya kudekia yatoke yenyewe. Kwa mguu husikii. Kwa beringi unasikia. Na mlango hauna kizingiti, kwa sababu nje waliweka ule mteremko wa saruji wa wanafunzi wa viti vya magurudumu, ambao unashuka moja kwa moja hadi uwanjani. Sebuleni kwangu kulikuwa tambarare. Mwalimu wa fizikia mzima, nakuja kufundisha mwendo, nimesahau kupima kama pale chini kuna mteremko!

Walishika mpini, kila mmoja mwisho wake, visigino bado wamevikaza sakafuni, hakuna aliyesukuma. Mzee ameangalia dari. Neema amefumba macho. Wakakaa hivyo, na afisa akaangalia saa yake, mimi nikaona kipindi changu kinakufa, ndipo nikapaza ile sauti mliyoisikia: "Sukuma, Neema! Msukume mzee!" Nadhani alisukuma ili yaishe tu.

Somo lilionekana vizuri, siwezi kukataa. Aliyesukuma ni Neema, lakini walisogea wote, yeye mwepesi akarudi nyuma kwa kasi akipanda kuelekea ubaoni, mzee akarudi taratibu kuelekea mlangoni, na mimi nikapiga makofi nikisema, "Mnaona! Mnaona!" Halafu kibao cha Neema kikachoka kupanda, kikasimama kidogo, kikaanza kurudi. Kikarudi kwa kasi kuliko kilivyokwenda. Mzee alikuwa amejizuia kwa visigino pale mlangoni, anahangaika kuinuka, na Neema, ambaye macho yalikuwa bado yamefumba, akamfikia, akamgonga magotini, akamwangukia kifuani, na kwa kuogopa akamkumbatia shingoni kwa mikono miwili kama mtoto. Wakatoka mlangoni hivyo hivyo. Wakashuka na ule mteremko, vibao vimekwamana, mpaka katikati ya uwanja, wakati wa uji, wanafunzi wote wako nje na vikombe.

Watoto wakashangilia. Mama aliyekuwa anapika uji, ambaye anatokea kijiji kile kile cha kina Haonga na anajua kila kitu, akaangusha mwiko akashika kichwa akimlilia mama yake. "Mayo we! Mayo! Mkwe wake!"

Ndipo nilipojua. Nilijulia pale, kwa mpishi wa uji. Nambeye alinipita mbio akiwa na kitenge cha Neema mkononi, akanirushia neno moja bila kusimama, "Nilikuita pembeni," akaenda akamfunika yule binti pale chini kwenye vumbi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kitambulisho changu. Mzee Haonga aliinuka mwenyewe, akageukia upande mwingine, akasimama ametupa mgongo, suruali imejaa udongo mwekundu, mpaka Neema alipoondolewa. Afisa akaniuliza kama hiyo ndiyo sehemu ya somo.

Mungu alisaidia, hakuumia mtu, na mimba ilikuwa salama. Lakini kabla Neema hajamaliza kufutwa vumbi, video zilishaingia kwenye kundi, moja baada ya nyingine, maana niliagiza mwenyewe. Niliandika haraka wazifute. Mmoja akanijibu kwa alama ya kicheko. Kufika jioni kuna mtu aliweka muziki juu yake, kesho yake ilikuwa sokoni Tunduma, ilivuka hata mpaka, madalali wa upande wa pili wakawa wananionyesha mimi mwenyewe bila kujua kwamba mimi ndiye mwenye ile sauti. Na ikafika kwenye simu ya kaka mkubwa wa Mzee Haonga.

Shughuli ya Jumamosi haikuwepo. Kaka mkubwa alisema hakuna wa kumfungulia binti aliyejifungulia mwenyewe mbele ya watoto wa shule. Akasema si aliwaambia? Kila aliyejaribu kumweleza kwamba ni mwezeshaji aliyelazimisha, aliwasha simu akawaonyesha: huyu hapa amekaa uso wazi bila kitenge, huyu hapa amesukuma mwenyewe. Na kwenye video ni kweli, ndivyo inavyoonekana, mimi sionekani hata mkono.

Kitu kinachoniumiza zaidi, mwisho wa mafunzo tuliwapa walimu mtihani mdogo, na lile swali la mzito na mwepesi wote walilipata. Hata Nambeye. Wote waliandika kwamba kani ni sawa, mwendo ndio tofauti. Wameelewa vizuri mno, watalifundisha vizuri mno, na mimi nilipongezwa kwa maandishi na ofisi kwa somo lililoeleweka kuliko yote. Ile barua niliichana.

Nilikwenda kwa Mzee Haonga kuomba radhi, nikamchukua shangazi yangu anisemee kama inavyotakiwa. Mzee alitupokea vizuri, akatupa chai, akamsikiliza shangazi mpaka mwisho. Akasema, "Mimi sina ugomvi na mwanangu Sichone. Angeuliza tu." Nikasema nitakwenda kwa kaka yake, nitapiga magoti, nitatoa mbuzi. Akatikisa kichwa akasema kaka yake hataki kuniona, na tukimsukuma sasa atazidi kukaza, tumwache apoe. Basi tukamwacha apoe. Tunangoja mpaka leo.

Neema alijifungua mtoto wa kiume, akaenda kupumzika kwa wazazi wake Kamsamba, maana kwa wakwe hawezi kuingia na mumewe kazi inamshika hapa mpakani. Muda ukapita. Siku moja Mzee Haonga akanipigia, nikaenda, akanipa shali ya mtoto, nzuri, ya sufu, imefungwa kwenye gazeti. "Mimi siwezi kumtuma mtu wa nyumbani," akasema, "wataniuliza. Wewe si ndugu, hakuna wa kukuuliza. Nipelekee." Nikamuuliza nimwambie nini. Akafikiri, akasema, "Usimwambie kitu. Siruhusiwi kumsalimia."

Nikashuka nayo Kamsamba, joto lile la bondeni, mpunga umekomaa, ng'ombe wamelala barabarani hawataki kuondoka. Nilimkuta Neema amekaa nje na mama yake wanapepeta mchele. Nilidhani atanifukuza. Aliniambia, "Shikamoo mwalimu, karibu," akanipa kigoda, akanipa maji. Nilianza kuomba radhi akanizuia kwa mkono, akasema, "Mwalimu, usirudie hapo. Nikilisikia nalia, na maziwa yanakauka." Nikampa kile kifurushi. Akafungua gazeti, akaiona shali, hakuuliza imetoka kwa nani. Mtoto alikuwa ameshajua kukaa mwenyewe, mnene, ana paji la uso la Mzee Haonga kabisa. Akamfunika ile sufu kwenye joto lile, mama yake akasema utamuua mtoto kwa joto, yeye akasema muacheni kidogo tu.

Nikauliza, kwa kutafuta la kusema, "Anaitwa nani huyu bwana mkubwa?"

Akasema, "Bado, mwalimu. Anamngoja babu yake." Baba yake Neema alitaka kumpa jina la kwao akakataa. Kliniki wameandika jina la mama tu. Mumewe naye anasema kumpa jina mwenyewe angeweza, lakini hataki mwanawe awe wa kwanza kwenye ukoo kuitwa jina ambalo babu hakulitoa, atakuja kuulizwa akiwa mkubwa.

Siku hizi bado ni mwezeshaji, msishangae, wanasema nafundisha vizuri. Ila nimeapa kwa Mungu, sitamchagulia tena mtu mzima wa kukaa naye, wala sitamkatisha kauli anayeniita pembeni. Naingia ukumbini, kabla sijashika chaki nawaambia watu watafutane wenyewe, na asiyeweza kukaa na mwenzake ahame bila kunipa sababu. Simu zote naziomba ziwe mikobani. Vibao nilivirudisha kwa yule mchomeleaji, nikamwambia avivunje nikiwa pale pale naona. Wageni wananiona mtu wa ajabu, wengine wanacheka, na mimi nawaacha wacheke.

Juzi nilikutana na mume wa Neema pale forodhani. Akaniambia kijana ameanza kusimama, anashika kiti anajivuta. Nikafurahi, nikamuuliza wanamwita nani. Akasema, "Tunamwita Mtoto."